Njia Huanza na Kitenzi

Ingia duka la vifaa vya ujenzi mjini Sumbawanga, uombe koleo. Utapewa bamba la chuma lenye mpini mrefu, la kuchotea mchanga na kifusi. Fungua kamusi, utaambiwa koleo ni chombo cha mhunzi: chuma cha miguu miwili cha kubania kaa la moto au kipande kinachofuliwa. Hicho cha kuchotea kamusi inakiita sepetu, beleshi au chepe. Muuza duka hana habari na ugomvi huo. Kwake koleo linachota, na anayetaka cha kubania aombe plaizi.

Mahali pengine jina lingehama hivyo na asitokee wa kushtuka. Hapa Ufipani kuna cha kutafakari, kwa sababu hii ni nchi ya wahunzi. Kabla majembe ya viwandani hayajafika, Wafipa na jirani zao waliyeyusha chuma katika matanuru ya udongo marefu kuliko mtu, yaliyoitwa malungu. Moja ni ilungu. Ilungu halikuvuviwa kwa mivuo. Hewa ilijiingilia yenyewe kupitia matundu ya chini, na moto ukaunguza mawe ya chuma na makaa polepole. Kilichotoka humo kilikuwa bado kichafu, kikapelekwa kwenye tanuru dogo lenye mivuo, kisha kwenye fuawe. Profesa Bertram Mapunda, mwanaakiolojia Mtanzania aliyechunguza uhunzi wa Ufipa kwa miaka mingi, ameonyesha pia kwamba palikuwa na matanuru ya namna nyingine, mafupi, yanayojulikana kwa jina la katukutu. Katika kazi hiyo yote koleo lilikuwa mkono wa pili wa mhunzi. Malungu yakazimika, majembe yakaja na meli, na neno lililobaki bila kazi likapata ajira mpya kwenye lundo la mchanga.

Nomino za zana ndivyo zilivyo. Huhama, huazimwa, hupotea, hurudi na maana nyingine. Vitenzi ni vizito kuhama. Kuchota ni kuchota Lamu, Mwimbi na Bukavu, hata kama kila mahali wanachota kwa chombo chenye jina tofauti. Nitalifuata jambo hili kwenye kazi moja ambayo Kiswahili hakijaitungia kamusi: kutengeneza na kutunza njia nyembamba za milimani, zile za miguu ambazo baiskeli nazo hupita.

Nchi yenyewe inaialika kazi hiyo. Uwanda wa Ufipa umelala kati ya maziwa mawili. Sumbawanga iko mita 1,700 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Ziwa Rukwa upande wa mashariki liko kwenye mita 800 hivi, Ziwa Tanganyika upande wa magharibi mita 770 hivi. Kingo za uwanda huo hushuka ghafla, na ukingo wa Rukwa una jina linalojaza mdomo: Lyambalyamfipa. Huku juu, kuanzia milima ya Mbizi hadi Matai na Mwimbi wilayani Kalambo, baiskeli ni punda wa nyumba: hubeba gunia la mahindi kwenye keria, madumu ya maji ubavuni, na abiria akibahatika. Ile ya mchezo, yenye matairi mapana na vidhibiti mtikisiko, wengi huiita tu baiskeli ya gia. Huko Kilimanjaro waendesha baiskeli wamepewa njia yao ya kupandia, ya Kilema, na Usambara wageni hushuka kwa vijia vya vijijini. Mlima haumwulizi mtu kama amebeba mahindi au amekuja kustarehe. Njia ikiwa mbovu, wote wawili watashuka na kusukuma.

Kazi huanza kwa kufyeka. Kitenzi hiki kimezaa zana yake, fyekeo, kwa utaratibu uleule unaotoa shindilio kwenye shindilia na ufagio kwenye fagia. Lakini kuna shule ambapo mwanafunzi huambiwa aje na kwanja, na kuna mashamba ambako msimamizi hugawa slesha. Majina ni matatu, chuma ni kimoja kilichopinda mwishoni. La kwanza limezaliwa na kitenzi, la pili limejikalia midomoni mwa watu wa bara, la tatu limevuka bahari. Waulize wenye kuvishika wanafanya nini, wote watakujibu neno moja: tunafyeka.

Baada ya kufyeka ni kung'oa visiki, na hapo huitwa shoka, panga na mtaimbo. Kisha kuchimba. Jembe ndilo mkongwe. Wagikuyu husema icembe, Wasukuma husema igembe, na masikio yanatosha kukuambia kwamba ni mtoto wa ukoo mmoja wa Kibantu aliyetembea na wakulima. Sururu hufuata pale jembe linaporuka kwenye mawe. Upande mmoja una ncha ya kuvunja, wa pili una bapa la kukata mizizi.

Kuna neno la kuchimbia ambalo limebaki kwenye kamusi za zamani peke yake: muo, wingi mio, yaani mti uliochongwa ncha wa kutobolea ardhi. Hakuna duka linalouza muo. Lakini mwaka 2023 timu ya watafiti iliyoongozwa na Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool ilitangaza katika jarida la Nature mambo iliyoyakuta kwenye tope la mto Kalambo, upande wa Zambia, juu ya maporomoko ambayo nchi zetu mbili zinagawana. Kulikuwa na zana za mti zenye umri wa kati ya miaka 390,000 na 324,000, miongoni mwazo kabari na mti wa kuchimbia. Huo ni muo, na Kiswahili kilikuwa na jina lake tayari. Chini zaidi kulikuwa na magogo mawili yaliyokingamana, la juu likiwa limechongwa pengo ili likae juu ya la chini, yenye umri wa miaka isiyopungua 476,000 hivi. Watafiti wanadhani huenda yalikuwa sehemu ya jukwaa, au msingi wa makazi, au kivuko cha kupitia juu ya ardhi tepetepe. Ikiwa ni hilo la mwisho, basi kazi ya kutengeneza njia katika bonde hili ni kongwe kuliko binadamu wa aina yetu.

Udongo ukishachimbwa husombwa. Hapo kuna koleo, karai, ndoo na toroli, ambalo wengine huliita wilibaro. Ukishasombwa husawazishwa kwa reki, kisha hushindiliwa. Shindilio la dukani ni nadra vijijini; la kawaida ni kopo lililojazwa zege na kusimikwa mti katikati, na kazi yake haina kasoro. Msururu wa vitenzi umekamilika: fyeka, ng'oa, chimba, somba, sawazisha, shindilia. Mtu wa Mwimbi anayefikiri kwa Kifipa au Kimambwe na mtu wa Mombasa wataelewana kwa hivyo sita kabla hawajakubaliana jina la zana hata moja.

Waliogeuza kazi hii kuwa taaluma huko ughaibuni walifuata mkondo mwingine, wakazipa zana majina ya watu. Pulaski ni zana yenye shoka upande mmoja na kijembe cha kukatia mizizi upande wa pili. Jina limetokana na Ed Pulaski, mlinzi wa misitu wa Idaho, Marekani, aliyesifika katika moto mkubwa wa mwaka 1910 kwa kuwaingiza vibarua wake kwenye handaki la mgodi na kuwaokoa wengi. McLeod ni reki nzito yenye makali ya jembe upande wa pili. Inaitwa kwa jina la Malcolm McLeod, mlinzi wa misitu wa California, aliyeibuni mwaka 1905. Zote mbili zilizaliwa kwa ajili ya kuzima moto wa misitu, ndipo wajenzi wa njia wakazichukua. Ni zana nzuri, na majina yake yana kisa. Lakini jina la mtu halifundishi kazi. Kijana akisikia McLeod hajui kama atakwangua, atakata au atavuta. Akisikia fyekeo, anajua kabla hajalishika.

Zaidi ya hayo, zana yenyewe si ngeni kwetu. Shoka na jembe vimo katika nembo ya taifa la Tanzania, vikiwa vimekingamana kwenye ngao. Fundi wa karakana ya mtaani anayefua panga kutoka kwenye springi chakavu ya lori anaweza kuviunganisha kichwa kimoja akiagizwa. Akiulizwa jina atasema shoka-jembe, na mteja ataelewa. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao.

Ugumu hauko kwenye zana. Uko kwenye umbo la njia, na umbo hilo linaamuliwa na maji. Mvua za Ufipa huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Njia inayoshuka moja kwa moja kutoka kileleni hadi bondeni hugeuka korongo ndani ya masika machache, kwa sababu maji yakishaipata hayana sababu ya kuiacha. Kila tairi linalofunga breki hulegeza udongo, kila mvua huubeba. Kwa hiyo njia inayodumu hukatwa ubavuni mwa kilima, na huenda ikikizunguka badala ya kukishukia.

Kipimo cha mteremko kiko wazi. Jumuiya ya kimataifa ya waendesha baiskeli za milimani, IMBA, iliyoundwa Marekani mwaka 1988, imeeneza kanuni mbili. Ya kwanza: mteremko wa njia usizidi nusu ya mteremko wa kilima inamokatwa. Kilima kikiwa na asilimia 16, njia isizidi 8. Ikizidi, maji huona ni rahisi kuifuata kuliko kuivuka. Ya pili: kwa wastani njia isizidi asilimia 10. Wenzetu hupima kwa kidude cha kuchungulia kwa jicho moja. Bwana shamba hupima kwa fremu A: miti miwili iliyofungwa pamoja juu, wa tatu umekatiza katikati, na kamba yenye jiwe ikining'inia. Kamba ikigusa alama ya katikati, miguu yote miwili iko usawa mmoja. Ukiitembeza ubavuni mwa kilima ukiacha kigingi kila hatua, unapata mstari wa kontua. Mwashi naye ana pimamaji, jina ambalo mjenzi wa njia angelitamani awe amelitunga yeye.

Sasa mwite kibarua umwelekeze umbo. Atataka neno la ile sakafu bapa iliyochongwa ubavuni mwa mlima. Wakulima wa miteremko wana ngazi, na wana kidato, yaani hatua moja ya kukanyagia. Kidato kinafaa: ni kifupi, kina maana ya kukatwa, na hakidai tafsiri. Atataka kujua udongo wa kidato utupwe wapi. Jibu lipo tangu zamani, nalo ni agizo la maneno mawili: fanya chini. Udongo unarushwa upande wa bondeni, na mpita njia anakanyaga ile ardhi ngumu iliyobaki, isiyowahi kuguswa. Kinyume chake, fanya juu, ni pale unapochimba mfereji na kuurusha udongo upande wa juu ili ukae tuta.

Maneno hayo yanastahili kusimamiwa. Fanya juu ilienea hasa Machakos, Kenya, ambako wakulima waliyapanga mashamba ya miteremko kwa mifereji hiyo hadi tuta, mwaka baada ya mwaka, likazaa ngazi. Wataalamu wa hifadhi ya udongo walipokwenda kuandika vitabu kwa Kiingereza, waliliacha neno la Kiswahili kama lilivyo, na leo utalikuta katika miongozo ya nchi ambazo hazijui hata salamu ya Kiswahili. Halikutungwa na kamati. Ni kauli ya amri aliyoitoa mtu aliyekuwa shambani, na ulimwengu ukaichukua nzima kwa sababu ndani yake mna maelekezo yote ya kazi. Lugha yetu iliuza istilahi nje ya nchi, na ilichouza kilikuwa kitenzi.

Mengine yanafuata vivyo hivyo. Kidato kinatakiwa kiiname kidogo upande wa bondeni, asilimia 5 hivi, ili maji yavuke na kuondoka. Huo ni mwinamo wa nje. Kila baada ya mwendo fulani njia inayoshuka inatakiwa ipande kidogo kabla ya kushuka tena, ili maji yakwame hapo na kutoka pembeni. Wahandisi wa barabara wana drifti, lakini hiyo ni sakafu ya zege ya kupitishia mto juu yake. Mimi ningesema mbonyeo: ardhi imebonyea, maji yametoka, tairi limepita bila kuruka. Jiwe au gogo lililolazwa kukingama njia ni kingamaji, neno la mabwana shamba. Mfereji wa kuyatoa maji pembeni ni mchepuo. Nashauri ibaki hivyo na isiwe mchepuko, neno ambalo mtaa umekwishalipa wajibu mwingine, na kibarua ukimwambia akachimbe mchepuko kazi itasimama kwa kicheko.

Kwenye kona, udongo huinuliwa upande wa nje ili tairi lipate ukuta wa kuegemea. Hapa tunagongana na tuta. Kwa dereva, tuta ni bonge la lami la kupunguza mwendo. Kwa mkulima wa Ufipa, ni kitu chenye heshima zaidi, kwa kuwa hapa kuna kilimo cha ntumba, vilima vidogo ambavyo nyasi hufukiwa ndani yake zioze na kulisha zao linalofuata. Na kwa Mluguru mzee, matuta yanaweza kuwa kumbukumbu ya amri. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi milimani Uluguru, ikawalazimisha watu kuchimba ngazi kwenye miteremko yao. Mwaka 1955 ghasia zikazuka Matombo, na mpango ukafa. Kazi ya mikono ilikuwa ileile ya Machakos: jembe, udongo, mteremko. Tofauti ni nani alisema kitenzi. Kule mkulima alijiambia fanya. Huku aliambiwa na askari. Mtunga istilahi asiyejua habari hiyo ataandika tuta la kona na kudhani ameandika neno tupu. Mimi bado ningelitumia, nikijua nimelitoa wapi.

Kuhusu alama za njiani, Kalambo imetutangulia. Ina kata iitwayo Legezamwendo. Hakuna kibao cha kumwonya mshuka mlima kitakachoishinda, na jina lenyewe ni kitenzi na amri yake.

Istilahi hufaulu vipi? Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, limekuwa likisanifu maneno tangu mwaka 1967, na historia yake imejaa yaliyobaki kwenye karatasi. Tarakilishi imo kamusini. Kompyuta imo midomoni. Kishikwambi nacho kilianza kama neno la kuchekwa, lakini Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilipofanyika, makarani walikibeba nyumba hadi nyumba, na nchi nzima ikakizoea. Neno lilipata mtu wa kulishika. Barabarani hali ni hiyohiyo. Mtambo wa kuchimba umeitwa kijiko, kwa sababu aliyeuona mara ya kwanza aliona unakula udongo. Greda hatusemi linasawazisha barabara. Tunasema linachonga barabara, kitenzi kilekile cha anayechonga kinu au mwiko. Aliyesema hivyo kwanza aliona kwamba njia imo tayari ndani ya kilima na kazi ni kuondoa kilichozidi.

Wapo watu wanaoweza kutupa maneno mengine ya namna hiyo. TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanza mwaka 2017, huvipa vikundi vya wanakijiji kazi za kufyeka kingo na kuzibua mitaro. TFS, wakala wa huduma za misitu, wanatunza hifadhi ya Mbizi, ambako mbega wekundu wamebaki kwenye kisiwa chao cha msitu, na ya Maporomoko ya Kalambo, ambako maji huanguka zaidi ya mita 200 na mgeni hana namna ya kuyafikia ila kwa njia iliyojengwa. Watu hao husema mambo kazini ambayo hakuna aliyeyaandika: wanavyomwonya mwenzao kwamba udongo utateleza, wanavyoita jiwe linalofaa na lisilofaa, wanavyoita mahali ambapo wapita njia wamekata kona na kuanzisha mkato ambao mvua itaumaliza.

Mwanaleksikografia atakayekwenda kwao asiende na orodha ya nomino za Kiingereza akiomba zijaziwe safu ya pili. Akifanya hivyo atarudi na toroli, reki na slesha, na atadhani lugha ni maskini. Amwulize kibarua: hapa unafanya nini, na maji yakija yatafanya nini? Majibu yote mawili yatakuja kwa vitenzi, na kila kitenzi kitakuwa na kiambishi kinachosubiri kukigeuza zana, mahali au umbo. Ayaandike kwa mpangilio wa kazi, kuanzia kufyeka hadi kuzibua, na pembeni achore umbo lake. Kijitabu cha kurasa ishirini kingetosha kumfundisha kijana wa Mwimbi kukata njia itakayodumu, na kingekuwa istilahi ambayo mwenye jembe angeisahihisha mwenyewe.